Kati ya Kigongo na Busisi

Miaka kumi na tisa nimechana tiketi Kigongo.
Kidole gumba hiki kina sugu ya karatasi;
nikikamua limau, bado kinalia.

Nimewavusha wote.
Bibi harusi wa Sengerema, shela limebanwa kwa pini lisipeperuke,
kakalia ndoo ya rangi gauni lisikunjamane.
Mwalimu mpya na godoro lake,
barua ya ajira kaificha ndani ya soksi.
Jeneza lililofunikwa khanga, na nyuma yake mwanamume
anayeuliza bei ya mahindi,
akaisahau, akauliza tena.

Hakuna aliyependa kungoja.
Walimtukana nahodha, wakanitukana mimi na mama aliyenizaa,
kivuko kikiwa ng'ambo, foleni imefika kwenye vibanda vya samaki.
Lakini kikishang'oa nanga,
injini ikishashika sauti yake ile moja,
kuna kitu kilitokea. Nilikuwa nakiona.
Mabega yalishuka.
Bibi harusi alivua kiatu kimoja.
Yule wa jeneza aliegemea bomba la ukingoni
akalia hadi katikati ya maji, si zaidi,
kisha akanawa uso kwa maji ya chupa
akawa tayari kuwakuta waliomngoja Busisi.

Nusu saa.
Tiketi ilikuwa ya kuvuka tu;
muda ule hatukuwatoza.

Sasa kuna daraja, na ni zuri, sina neno.
Mgonjwa anafika Bugando akiwa na pumzi zake.
Nililipita siku ya kwanza nyuma ya pikipiki ya mpwa wangu Masalu:
sijamaliza hata kufunga kilemba,
tuko Busisi.
Nikamwambia, turudi,
kuna jambo nilikuwa nataka kuliwaza.

Mimi nilipewa barua, na mkono wa bosi, na fulana.
Fulana haijafuliwa hata mara moja,
Ng'washi mwanangu kapiga simu toka Geita:
"Mama, hela isilale. Fungua uwakala."
Wifi yangu Kabula kaleta vifaranga mia moja ndani ya boksi, bila kuuliza.
Mchungaji ananitafutia kamati.
Na jirani, kila akinikuta nimekaa kizingitini saa nne asubuhi,
"Unaumwa?"

Siumwi, Mama Nyanzobe. Nipo majini.
Ng'ambo ile nimeshaondoka, hii sijafika.
Lango la mbele halijashushwa,
na mtu akishuka kabla lango halijagusa nchi kavu
anatumbukia kwenye magugu maji, nimeshuhudia mwenyewe,
yeye na sanduku lake na viatu vyake vya kazini.

Basi vifaranga nimevirudisha.
Kabula kanuna; kununa kwake hakuvuki Jumapili.
Ng'washi nimemjibu: iache ilale, mwanangu,
na mama yako alale,
tutaamka pamoja.

Uji naunywa umeshaota ngozi.
Mchana najinyoosha mkekani, mdomo wazi, bila aibu.
Wiki hii ni mbalamwezi:
mitumbwi ya dagaa imepinduliwa mchangani, karabai zimezimwa,
maana penye mwezi dagaa haifuati taa,
na wavuvi wanakoroma hadi jua liwachome nyayo.
Sijasikia mtu akiwauliza kama wanaumwa.

Kuna usiku naogopa, sitadanganya.
Naota foleni, naota watu wananinyooshea noti,
na mimi sina kitabu.

Juzi niliamka mkono wangu ukichana hewa,
chap, chap, chap,
abiria wa meli nzima.
Jana walipungua.
Leo alfajiri nimechana mmoja tu,
nikamtazama apite,
nikageukia upande wa ukutani.